Usifunike Karai

Yuk-lin alikuwa amevunjika mguu, na dada yake, mwanamke wa maneno mengi, alishafunga mizigo aje Foshan kuwapikia mwezi mzima.

"Nitapika mwenyewe!" aliapa mumewe, Mzee Pak-hung, ingawa tangu aoe hakuwahi kukaanga hata jani.

"Haya. Mboga za mchana huu zikiharibika, dada anakuja."

Karai lilipofuka moshi, Pak-hung akatupia kitunguu saumu, kisha mboga zikiwa bado zinachuruzika maji. Mafuta yakamrukia, naye akakimbilia kifuniko.

"Wewe mzee!" Yuk-lin akapaza sauti kutoka kitandani. "Nimekisikia hicho kifuniko! Ukifunika zitageuka njano kama uso wako siku ya harusi!"

"Mafuta yananiunguza, mama!"

"Basi ungua kidogo. Geuza! Geuza! Haya, pakua!"

Alifika mbio na sahani inayofuka mvuke, mboga kijani kibichi. Yuk-lin akaonja, akakunja uso.

"Chumvi imezidi."

Hata hivyo vijiti vyake vikarudi sahanini mara ya pili, na ya tatu. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe simu. Dada afungue mizigo yake."