Shikamoo ya Impala ya Buluu

Kwa muda mrefu nimekana. Nimekana mbele ya dada zangu, mbele ya akina mama wa msikitini, na siku moja hata mbele ya daktari wangu wa presha. Leo nasema: ndiyo, nililiona gari likiinama lenyewe, na nikamsikia aliyeliitikia. Sikuwa nimelewa, mimi hata chai ya tangawizi hunitia kizunguzungu. Nina shahada mbili, na kazi yangu ni kuandika insha zinazosomwa zaidi na ndugu zangu. Mtu kama mimi akiona kitu cha ajabu, wa mwisho kukubali ni yeye mwenyewe.

Mwenye gari ni Salum, rapa wa hapa Toronto, kijana aliyekulia mtaa wa Malvern katika jengo letu. Kijana nasema mimi. Ndevu zake zina mvi. Pesa zote za muziki wake zimeishia kwenye magari ya Kimarekani ya zamani, yale mapana kama vitanda vya harusi. Anayakata, anayapaka rangi upya, anayafunga pampu za haidroliki. Akibonyeza swichi, gari linapanda, linalala, linacheza. Ameyapanga kwenye gereji huko Scarborough, na mimi nilikwenda kuyaandikia insha.

Ila kwanza umjue mama yake, Bi Mwanaidi. Yeye alitaka mwana mhasibu. Salum alipoacha chuo akaanza kupiga kelele kwenye maikrofoni (maneno ya mama mtu hayo), Bi Mwanaidi alifunga mizigo akarudi Tanga. Adhabu aliyomwachia ilikuwa moja tu: hamwitikii. Salum akipiga simu, "Shikamoo, mama," kimya. Kisha simu inakatwa. Miaka na miaka. Wewe na mimi tunajua uzito wake, sina haja ya kueleza.

Basi akamtengenezea gari, Impala ya buluu. Viti vyote alivivisha vitambaa vyeupe vya kufuma alivyoviacha mama yake, vilevile vilivyokuwa kwenye makochi yao Malvern, ambavyo sisi wageni tuliogopa hata kuviegemea. Na pampu za mbele alizitega kwa kazi moja: akija mzee, Impala inashusha pua polepole hadi karibu na sakafu. Inaamkia. Wazee wetu wote wa mji huu walishaiitikia, wakicheka mpaka machozi. Isipokuwa yule mmoja aliyetengenezewa.

Siku niliyokwenda ilikuwa Januari ya mwaka jana, jioni, giza limeshaingia kama kawaida ya huku. Nilivaa kofia yangu ya zambarau yenye kishada, ambayo dada zangu wanasema inanifanya nifanane na bilinganya. Betri za magari yote zilikuwa zimetolewa na kupangwa kwenye rafu, zisife kwa baridi.

"Leo haiwezi kukuamkia, anti," Salum akaniambia. "Nitaiwakilisha." Akainama, mkono kifuani. "Shikamoo."

Mimi na umri wangu tuna ugomvi wa siku nyingi. "Toka hapa, usinizeeshe! Shikamoo kampe mama yako."

Nilijua nimeharibu kabla sijafunga mdomo. Alitabasamu kwa shida. "It's okay, anti. Ngoja niweke chai." Akaenda nyuma kwenye birika.

Ndipo Impala ikainama.

Niamini. Bila betri, bila mlio wa pampu, taratibu, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Gereji iliyokuwa ikinuka rangi na mpira ikanuka kanga iliyopigwa pasi ya mkaa. Unaikumbuka harufu ile? Sikuwa nimeinusa tangu nilipoondoka nyumbani kwa mama yangu, na hamu ilinishika kabla ya woga. Kupitia kioo cha mbele nikamwona mwanamke ameketi kiti cha nyuma, kajitanda ushungi, ananyoosha kitambaa kwa kiganja kama mtu anayetafuta kasoro na haioni. Uso sikuuona. Sauti niliisikia, nzito, haina haraka.

"Marahaba, mwanangu."

Nilipochungulia dirishani, kiti kilikuwa kitupu.

Salum akarudi na vikombe. "Aa, mafuta yanavuja," akasema, akiitazama pua ya gari. "Baridi hii."

"Itakuwa mafuta," nikajibu.

Kwa nini sikumwambia? Wewe ungemwambia? Umpe mtu neno alilolisubiri ujana wake wote, halafu ije kuonekana ni presha yako tu, utamnyang'anya vipi?

Tangu hapo naitikia kila shikamoo, hata ya bwana anayezoa theluji mtaani kwetu, ambaye naapa tumelingana. Nawe nakuonya: usimwambie mtu shikamoo yake akampe mwingine. Huenda ikafika.

Maana mwaka huu, theluji ilipoyeyuka, Salum alikuwa jikoni kwangu, amekuja kurudisha sahani, simu yangu ikalia. Namba ya Tanzania.

"Wewe ndiye mwenye kofia ya zambarau yenye kishada?" aliuliza mwanamke. "Nimewasumbua akina mama wote wa msikiti wenu mpaka nimekupata."

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mwanaidi, jirani yako wa zamani. Ulimwambia mwanangu shikamoo akampe mama yake, nami nikaisikia usingizini. Nikadhani ni ndoto za uzee, nikanyamaza. Ulimwambia kwamba niliitikia?"

"Sikumwambia."

"Basi sote wawili wajinga, dada. Gari lake lina baridi, lakini vitambaa amevitunza. Yuko wapi?"

"Yuko hapa, anamaliza maandazi yangu."

"Mpe simu."

Nilimpa, nikamtajia jina la mama yake. Salum aliacha kutafuna. Kisha akainama palepale mbele ya friji, mkono kifuani, kana kwamba aliyeko upande wa pili anamwona.

"Shikamoo, mama."

Sauti iliyoitikia ilinifikia hadi kwenye sinki. Marahaba ile nilikuwa nimeshaisikia.