Mgeni Niliyemtembeza Kando ya Mto

Mwaka wa pili baada ya mke wangu kufariki, binti wa jirani, ambaye hutembeza wageni kijijini kwetu Old Moshi, aliugua malaria. Alinipigia simu asubuhi, akaniamkia, akasema kuna mgeni mmoja yuko njiani, mama mtu mzima kutoka Ayalandi, na hana wa kumwachia. Mwalimu umefundisha Kiingereza miaka mingi, akasema, na habari za kijiji unazijua. Nikakubali. Saa mbili nilikuwa nimeshamaliza kufagia ua, na sikuwa na kazi nyingine mpaka jioni.

Nilimpeleka kwanza kwenye daraja la mawe. Nikamweleza kwamba zamani watu walivuka juu ya gogo, na wakati wa masika watu wa ng'ambo hawakufika kanisani. Kisha tukafuata mfereji ambao babu zetu waliuchimba kwa vijiti vya miti migumu, kutoka mtoni hadi katikati ya migomba. Nikamwonyesha ghala ambako baba alipeleka kahawa, na kanisa ambalo kengele yake ilibebwa mabegani kutoka mjini. Mwisho tukashuka kwenye maporomoko, tukalowa wote wawili.

Pale mferejini aliuliza ni akina nani wanaousafisha siku hizi. Nikamwambia zamani kila ukoo ulikuwa na zamu yake. Mara ya mwisho tulikuwa watu wanne, na mdogo kuliko wote ana miaka hamsini na minane. Wanangu wenyewe wako Dar na Mwanza. Huja Krismasi, wakakaa siku nne.

Nikamkaribisha nyumbani kwa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama. Alikiona kiti chenye kitenge cha mke wangu kilichokunjwa, akaenda kukaa kwenye kingine. Akanieleza kwamba kwao pia ni kijiji kidogo kando ya mto, kina daraja la kale na kinu cha maji kisichosaga tena, na watalii huja kupiga picha. Nyumba yake iko pale pale darajani. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita.

"Umezoea?" nikamuuliza.

"Kukaa kimya nimezoea," akasema. "Kupika chakula cha mtu mmoja, bado."

Ule mtori niliupika kwenye sufuria kubwa, kama ninavyoupika siku zote, na unaobaki nampa mbwa.

Gari lilimfuata saa tisa. Binti wa jirani alipopona alikuja kunishukuru, nikamwomba aniachie wageni wa Jumamosi. Sasa ni karibu mwaka. Wengi wanakimbilia maporomoko, historia hawaitaki sana, nami siwalaumu. Nawaeleza hivyo hivyo. Yule mama hajaandika, wala hakuahidi. Siku nyingine za wiki ni zile zile, ndefu. Ila Ijumaa jioni napiga pasi shati.