Maji ya Kupita Ukutani

Kituo chetu kilikuwa ua mmoja nyuma ya ghala, Kariakoo, upande wa kuteremkia Jangwani. Humo tulitunza mbwa waliookotwa mitaani. Mwaka ule tuliarifiwa kwamba kituo kisichotambuliwa rasmi kitafungwa na mbwa wake watapigwa risasi. Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, na viwango vya utunzaji nilikuwa nimevikariri: kivuli, nafasi ya kujigeuza, wagonjwa kutengwa, maji safi wakati wote. Nilivitimiza vyote isipokuwa hicho cha mwisho. Bomba la mtaa lilikuwa mkabala na mlango wetu, lakini mjumbe wa nyumba kumi, mama wa makamo aliyeshika ufunguo wake, alikuwa amenikataza kulisogelea.

Mkaguzi alitarajiwa kesho yake. Nikaenda tena, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na ndoo hiyo ikae huko huko."

"Nimeisugua kwa sabuni, mama. Ni safi kabisa."

"Sabuni!" Akawageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni. "Jamani, sabuni haipatikani dukani, sisi tunafulia majani ya mpapai, mbwa wanaogeshwa kwa sabuni!"

Wakacheka. Yeye akashusha sauti. "Mwanangu, usafi wako siukatai. Ndoo hiyo mbwa wameilamba, na maji haya watu wanatawadhia. Wewe waniambia safi. Mimi nauliza tohara ya kuswalia."

Nililelewa misheni, kusini, na usafi na tohara nilikuwa nikiyatumia kama neno moja. Hata chuoni hakuna aliyenitenganishia. Nilisimama pale nikiwaza risasi.

"Na kama ndoo yangu haitatoka uani kabisa?" nikauliza. "Nitoboe ukuta, nipitishe bati kama mfereji, mmimine kwa ndoo yenu mkiwa huku nje?"

"Tumimine sisi? Umetuajiri lini?" akadakia mmoja.

Mjumbe aliutazama ukuta. "Mbwa asilifikie hilo bati."

"Hatalifikia. Litakuwa juu."

"Basi asubuhi, nikishafungua. Lakini siahidi. Bomba lenyewe siku hizi hutoa maji linapotaka."

Jioni ile nilitoboa ukuta, nikapitisha bati na kulielekeza kwenye hori la saruji. Asubuhi mkaguzi alifika kabla bomba halijafunguliwa. Alipima vibanda, akakagua chumba cha wagonjwa, akaridhika. Kisha akasimama mbele ya hori.

"Maji wakati wote, ndugu. Hili ni kavu."

"Yanakuja, ndugu mkaguzi."

"Kutoka wapi?"

Nikamwonyesha tundu. Mbwa walikuwa wakihema, ndimi nje. Nyuma ya ukuta nilisikia bomba likipuliza hewa, likanyamaza, likapuliza tena. Wanawake walikuwa wakigombania foleni. Mkaguzi akafunika kalamu yake. 

"Nyie wa ndani! Sogezeni miguu!" mwanamke mmoja akaita kutoka nje.

Maji yakaporomoka, mekundu kwa kutu, kisha meupe. Mkaguzi akaruka kando. Mbwa wakasukumana horini.

"Haya ni ya leo," akasema. "Ya kesho je?"

"Nani huyo anayeuliza ya kesho?" sauti ya mjumbe ikapita tunduni. "Kwake yanatoka kila siku?"

Nje wakaangua kicheko. Mkaguzi hakucheka. Alitutambua hadi masika tu, kwa sharti kwamba angerudi bila taarifa, na siku atakayokuta hori kavu ndiyo itakuwa ya mwisho.

Tangu hapo kila kulipokucha nilisimama chini ya bati, sikio ukutani, nikisikiliza kama bomba linatoa maji au hewa.