Siku Niliyosingizia Malaria

Jamani, hili nawaambia nyie tu, na mkicheka chekeni kidogo kidogo, maana mpaka leo nikifika lile dirisha la mapokezi la zahanati ya chuo masikio yananiwaka moto. Aibu niliyoipata pale hakuna aliyenitafutia. Niliitafuta mwenyewe, kwa neno moja tu.

Kwanza mjue nilikuwaje. Nilikuwa nimepanga chumba Mkonze, na mwenzangu tuliyekuwa tukiishi naye alikuwa amehamia Chang'ombe kwa kaka yake, basi nikabaki peke yangu na kuta nne. Naamka, naenda darasani, nakaa nyuma, narudi, na jioni nikijiuliza leo nimeongea na nani, napata muuza chapati (na yeye nimemwambia "mbili," basi). Usingizi hakuna, chakula hakishuki. Mama akipiga simu kutoka kijijini kwetu Busi anauliza, "Hujambo mwanangu?" nasema sijambo, "Masomo?" nasema mazuri, anamshukuru Mungu, anakata, mimi nabaki na simu sikioni. Ugomvi na mtu sina, deni sina, ila nilikuwa mpweke mpaka nikaanza kujiogopa mwenyewe, kwa mawazo yaliyokuwa yananijia.

Ndipo nikaona tangazo ubaoni: mshauri nasaha anakuja zahanati ya chuo kila Jumatano, chumba namba tano, mwisho saa nane mchana. Mmoja huyo huyo anazunguka vyuo vitatu, ukimkosa ndiyo mpaka wiki ijayo. Siku nne nzima nikawa najifunza cha kusema, nakisema mbele ya kioo, natikisa kichwa, nakisema tena.

Jumatano ikafika. Sasa pale zahanati utaratibu ni mmoja: unasimama dirishani, unasema unaumwa nini, sista anaandika kwenye kadi, na foleni yote nyuma yako inasikia, itake isitake. Nageuka, nani nyuma yangu? Neema, CR wetu, yaani kiongozi wa darasa, dada mwenye roho nzuri lakini kitu akikijua saa mbili, saa mbili na nusu darasa zima limekijua. Na nyuma yake Baraka, yule wa kumgeuza kila mtu kichekesho.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Sasa kama hujambo umefuata nini hapa?"

Foleni ikacheka. Maneno yangu ya siku nne yakayeyuka yote. "Malaria," nikasema. Moyoni nikajipa moyo: si neno, nikishaingia ndani nitachepuka niende zangu namba tano.

Thubutu! Ndani nikapimwa presha, sista akaguna, akaipima tena. "Umekula lini mara ya mwisho?" Nikaanza kukumbuka, na kule kukumbuka kwenyewe kukamtosha. Wakanitoa damu, wakanipa kikopo cha mkojo (nacho nikapita nacho mbele ya foleni nimekificha kwenye kofia, Baraka ananiangalia), halafu nikalazwa kwenye kitanda cha korido, nikatundikiwa dripu. Na chumba namba tano kiko wapi? Mbele yangu, hatua sita, mlango umerudishwa, na mimi nimefungwa mkono.

Kumbe Neema ameshatuma kwenye kundi la darasa: mwenzetu Idi amelazwa, hali si nzuri, twende tukamwone. Na si mnajua watu wetu na mgonjwa! Saa saba na nusu korido ikajaa. Watu ishirini, wengine sijawahi hata kusalimiana nao tangu mwaka wa kwanza, wamebeba machungwa, mikate, maji. Mmoja akanisomea dua, Neema naye akaniombea kwa sauti, na mimi nimefumba macho naitikia amina kwa malaria nisiyokuwa nayo, huku jicho moja liko kwenye ule mlango.

Mlango ukafunguka katikati ya maombi. Akatoka mama wa makamo na mkoba wake, akaona ule umati, akanisogelea mwenyewe mpaka kitandani.

"Pole sana mwanangu. Malaria si mchezo."

Huyo huyo niliyemfuata! Ilibaki kumwambia tu, mama, mimi ni wako. Nikasema, "Nimeshapoa, mama." Akanipigapiga bega, akaenda zake.

Bado sijamaliza kuumia, sista huyo na majibu, anayasoma kwa sauti ile ile ya dirishani. "Idi! Malaria hakuna. Taifodi hakuna. Mkojo safi. Huna ugonjwa wowote wewe!"

Baraka akadakia, "Kumbe anakwepa testi ya saa tisa!" Korido nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, nikacheka sana, halafu sijui nini kikageuka humo ndani, nikajikuta nalia. Kulia kwa kwikwi, mwanaume na ndevu zangu. Wakaacha kucheka. Wakatazamana, wakaanza kuaga mmoja mmoja, "Haya Idi, pole bwana," wakaniachia machungwa miguuni. Sijawahi kuwa peke yangu kama dakika ile.

Sista akaja kutoa sindano. Safari hii akaongea polepole. "Kijana, ulifuata nini hasa?" Nikamwonyesha mlango wa namba tano kwa kidole. "Mbona hukuniambia?" Halafu akalitazama lile dirisha lake na foleni iliyojipanga pale, akanikandamizia pamba mkononi.

Wiki iliyofuata darasani nilikuwa naitwa Hakuna, kama majibu yangu. Hakuna amefika? Hakuna hapa! Nilitamani kurudi Busi nikalime. Lakini Jumatano nikarudi, safari hii dirishani yuko kaka mwingine nisiyemjua. "Namtaka mshauri nasaha," nikasema. "Eti? Ongeza sauti." Nikaongeza, jamani, nikasikika mpaka mwisho wa foleni, hakuna aliyecheka, na yule kaka akaandika tu kama anavyoandika mafua.

Mama yule alinisikiliza saa nzima, na naenda mpaka leo. Wale wa mapokezi nimewaomba sisi wa namba tano tupewe karatasi tuandike badala ya kutamka dirishani, wamesema watalifikiria. Ila malaria sisingizii tena. Kwa malaria walikuja watu ishirini bila kuitwa. Kwa huu ugonjwa wangu wa kweli hakuna atakayekuja kama hujasema, na kusema kwenyewe unasema ukiwa peke yako.