Kwenda Yakobi Kumwimbia Lazaro

Niliondoka Ifakara kwa sababu ya simu ya wifi yangu, Mama Neema. "Wifi," alisema, "masikio ya kaka yako yanakwisha. La kushoto limeshaziba, la kulia nalo linafifia. Anasema uje huku Yakobi umwimbie angali anasikia." Nikamwambia sauti yangu siku hizi ni kama bawaba yenye kutu. Akajibu, "Hakuulizia uzuri wake."

Lazaro si kaka wa kuzaliwa naye. Miaka ile ya sabini, reli ilipofika Makambako na vijana wa kila kabila wakaifuata, tulikuwa na bendi ya roki. Lazaro alipiga gita la solo, Simoni drams, nami nikaimba, msichana peke yangu kati ya wanaume. Tulivaa suruali za pekosi zilizofagia vumbi na viatu vya raizoni vyenye soli nene, nywele tumezichana zikasimama kama kichuguu. Wazee walisema tunapiga kelele za Wazungu. Lakini maneno tulitunga wenyewe: juu ya ukungu, juu ya mahindi yanayochelewa kukomaa kwa baridi, juu ya waliopanda treni wasirudi. Baadaye kila mtu akaenda kutafuta maisha. Mimi nikawa mkunga, na kwa miaka mingi sauti yangu ilifanya kazi ya kusema, "Sukuma, mama, sukuma."

Baada ya Mlimba treni ilianza kupanda. Iliingia handaki moja ikatoka, ikaingia jingine, na kila ilipotoka bonde lilikuwa limezidi kushuka chini yetu. Ndani ya giza lile nilijaribu kuimba polepole. Mama aliyeketi mbele yangu akaniuliza kama naumwa tumbo.

Makambako nilipokewa na upepo, kisha na Simoni. Siku hizi anauza vipuri vya magari, na mvi zimemjaa.

"Kamwene, dada!"

"Kamwene, Simoni. Umenifahamu?"

"Mwendo ni ule ule. Bado unatembea kama uko juu ya raizoni."

Kabla ya kwenda kwake Kitandililo alinipeleka kuuona ukumbi tuliokuwa tukipigia. Sasa ni ghala la mbolea. Jukwaa la saruji bado lipo, limepangwa mifuko mpaka karibu na dari. Tulisimama mlangoni. Nilijaribu kukumbuka nilisimama wapi hasa, upande gani taa zilikuwa zikiniumiza macho, nikashindwa. Harufu ya mbolea ilikuwa kali mno.

Wakati wa chakula Simoni alisema, "Kesho ukimsikia akipiga, msifu tu. Usiseme lolote."

"Lolote la nini?"

Akanisogezea bakuli la mboga.

Asubuhi tulishika lami ya Njombe. Vilima vilifuatana, misitu ya mbao huku, huku mashamba mapya ya parachichi, ambayo zamani hatukuyajua. Tulipopita upande wa Kichiwa Simoni alinikumbusha siku tuliyopiga juu ya lori, umeme wetu ukiwa betri ya lori lenyewe, hata betri ikafa na tukabaki kulisukuma sisi na watu waliokuja kucheza. Nilicheka. Yeye alikuwa akitazama barabara.

Yakobi, nyumba ya Lazaro iko mwisho wa mji, mahali ambapo viwanja vinageuka kuwa mashamba ya viazi. Alitoka mlangoni na koti zito, akanishika mikono yote miwili, akautazama mdomo wangu nilipokuwa nikimsalimu. Mama Neema alituweka karibu na jiko la mkaa.

Sikungoja chai. Lazaro alisogeza kiti, akaliweka sikio lake la kulia karibu kabisa na midomo yangu, akafumba macho. Nikaimba wimbo wetu wa ukungu, ubeti wa kwanza wote.

Alifumbua macho. "Umeshaanza?" akauliza.

Alitutazama mmoja mmoja, akaelewa. Kisha akainuka na kulileta gita. "Basi nitapiga mimi, wewe imba. Nikiuona mdomo nitajua tumefika wapi."

Akapiga. Vidole vilikuwa vya yule kijana wa zamani, havikosei mahali. Lakini nyuzi zilikuwa zimelegea, kila mmoja umeshika njia yake, na wimbo nilioupenda kuliko zote ukatoka kama vyombo vinavyoanguka jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Simoni.

"Nimepiga sawa?"

Simoni aliinua kidole gumba. Mama Neema aliinamia jiko. Nami nikawaza kwamba nimewahi kuwaambia kina mama mambo mazito kuliko hili, tena usoni. Nikatikisa kichwa.

"Zimelegea, kaka," nikasema taratibu ili aisome midomo. "Zote."

Alimgeukia mkewe. "Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Na kila jioni ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Hukusema."

"Ningesemaje, Baba Neema? Ulikuwa unafurahi."

Aliliweka gita chini, akatoka. Dirishani tulimwona amesimama katikati ya viazi, ametugeuzia mgongo. Chai ilipoa. "Nilikuambia, dada," Simoni akasema.

Aliporudi viatu vyake vilikuwa na matope. Hakuja kwangu. Aliketi kando ya mkewe. "Wewe ni mtu wa kwaya," akamwambia. "Do unaijua."

"Naijua."

"Nipe do."

Mama Neema aliimba noti moja, akaishikilia. Lazaro aligusa uzi, akaukaza kidogo, macho yake usoni mwa mkewe. Mkewe aliinua mkono: bado, panda. Akaushusha kidogo: umezidi. Kisha akaitikia kwa kichwa. Wakaenda hivyo uzi kwa uzi, kila uzi na noti yake, na walipofika wa mwisho Mama Neema alikuwa akilia huku ameishikilia noti, haikuyumba.

Ndipo tulipoimba. Simoni alipiga meza kwa viganja. Mama Neema, ambaye hakuwahi kupanda jukwaa letu hata siku moja, alishika sauti ya pili. Pale juu sauti yangu ilipasuka, lakini Lazaro aliendelea kunitazama mdomo na kutabasamu.

Siku ya kurudi, stesheni ya Makambako, treni ilichelewa nasi tukakaa kwenye benchi. Simoni aliniuliza, "Na kama mkewe asingekuwa mwanakwaya, ungemwambia?"

Nilimwambia kwamba nilikuwa nimekwenda kutafuta ujana wetu, na sikuukuta ghalani, sikuukuta hata katika wimbo. Ujana wetu ulikuwa ile tabia ya kusimamisha wimbo katikati kwa sababu ya uzi mmoja, mtu akaambiwa, akaukaza, tukaendelea, bila yeyote kununa. Kumsifu Lazaro kwa nyuzi zilizolegea kulikuwa ni kumtoa kwenye bendi angali hai.

"Ningemwambia," nikasema. "Asingekuwa mwanakwaya, ningebaki Yakobi mpaka mkewe ajifunze."