Faili Mama

Kompyuta ile niliipakata kutoka Iringa hadi Mbeya, nimeiviringisha kwenye blanketi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia muuzaji. Mimi ni mtoto wa Mbeya, na maneno ya ugomvi sijawahi kupungukiwa. Mashine mpya, kadi ya picha ya maana, kumbukumbu ya kutosha kuchora mji mzima, halafu nikivuta mstari mmoja wa ukuta, mshale unaganda nami nabaki nimeshika tama. Nikihifadhi kazi, naweza kwenda kuchemsha chai na kurudi kabla haijamaliza.

Ilikuwa Jumanne. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kupeleka ramani halmashauri, na ramani yenyewe haikuwa ya nyumba ya mtu wa kujionyesha. Ilikuwa ya chumba cha kujifungulia, kwenye zahanati ndogo ya usharika huko Kilolo. Akina mama wa kule walikuwa wakijifungua kwenye chumba kilekile cha chanjo, shuka tu likiwatenga na foleni. Mawe ya msingi walishayasomba kwa vichwa vyao. Tukikosa kikao cha kupitisha ramani, kinachofuata kingetukuta kwenye mvua, na Kilolo ikianza kunyesha huchimbi msingi, unachimba tope. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mama wa makamo mwenye upole unaoogopesha, alinipigia kila asubuhi.

"Kamwene, dada. Ramani yetu imefikia wapi?"

Nami namjibu kwamba nimeuziwa mashine mbovu.

Muuzaji, mzee wa asili ya pwani ambaye duka la familia yake nimelikuta Mbeya tangu nazaliwa, aliniacha niseme yote. Nilisema hasa. Niliponyamaza akauliza, "Umemaliza, mwanangu?" Akawasha mashine, akafungua ukurasa mtupu kwenye programu yangu ya kuchorea, akanisogezea kipanya. "Chora."

Nikachora. Mistari ilikwenda kama inateleza kwenye mafuta. Nikazungusha, nikakuza, nikahifadhi. Kila kitu papo hapo.

"Sasa fungua hiyo kazi yako."

Nikafungua. Mshale ukaganda.

"Mashine yangu nzima," akasema. "Mgonjwa ni hili faili. Umelitoa wapi?"

Nilitamani blanketi lile nijifunike mimi. Jaribio la dakika tano, ambalo ningelifanya mezani kwangu Mlandege, Iringa, nilikuwa nimelisafirisha nusu siku kwa sababu nilikuwa na uhakika.

Faili lenyewe tunaliita faili mama. Sisi tuliofundishwa kuchora na mwalimu mmoja pale Iringa tuna utaratibu wetu: siku anapokuruhusu kujitegemea, anakukabidhi faili lake kwenye flashi. Tangu siku hiyo huanzi kazi kwenye ukurasa mtupu. Unafungua faili mama, unafuta nyumba ya mteja aliyepita, unachora ya huyu. Anayeanza upya tunamwona ana kiburi. Hata ramani zetu zinajulikana, kwa sababu zote zina mparachichi uleule mbele ya baraza, ambao mwalimu aliuchora jani kwa jani.

Tulilipekua pamoja mpaka alasiri ikaadhiniwa, akaenda kuswali, akarudi tukaendelea. Zile nyumba nilizodhani nimezifuta hazikuwa zimekwenda mbali. Milango yake, vyoo vyake, mitindo ya mistari ya wateja wa Kihesa nisiowahi kuwaona, vyote vilikuwa vimehifadhiwa humo bila kuonekana. Na kila nilipohifadhi kazi, mashine yangu yenye nguvu ilisimama kwanza kutafuta printa kubwa ya ofisi ya zamani ya mwalimu, ofisi iliyofungwa kabla sijaanza kazi. Ilisubiri ijibiwe. Haijibiwi, inasubiri tena. Tukafagia tulivyoweza, faili likapungua uzito, lakini ubishi haukuliisha.

Jumatano, nikiwa kwenye basi la kurudi, nikampigia mwalimu. Nilijisikia kama ninayekwenda kumwambia mzazi kwamba nahama nyumbani.

"Shikamoo, mwalimu. Nataka kuliacha faili mama."

"Marahaba. Lipi? Lile la kwenye flashi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mpaka leo mnalo? Mimi mbona niliachana nalo siku nyingi!"

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Na wewe Mnyakyusa kwa ubishi huo, ungekubali?"

Niliumia, sifichi. Nikakata simu. Tulipofika Mafinga nikaanza kucheka peke yangu, na abiria wa pembeni akasogea kidogo.

Alhamisi nilifungua ukurasa mtupu. Nilichora mlango wangu mwenyewe, dirisha langu, na nikagundua nalazimika kufikiria kila ukuta unakaa pale kwa nini, maana kwa miaka yote nilikuwa nahamisha tu chumba cha kulala cha mtu mwingine. Mashine haikusita hata mara moja. Ijumaa asubuhi ramani ilipokelewa halmashauri, nikampigia mwenyekiti na kumwambia ukweli: mashine ilikuwa nzima, kosa lilikuwa langu.

"Ramani imepokelewa?"

"Imepokelewa."

"Basi hayo mengine utatubu kanisani."

Kikao kikapitisha. Siku ya kuweka vigingi nilikwenda Kilolo mwenyewe, tukapima, tukamwaga chokaa, chumba kikaonekana chini kwa mistari myeupe. Mkwe wa mwenyekiti alikuwepo, mjamzito wa miezi ya mwisho. Angeweza kuruka mstari popote, lakini alizunguka akaingia pale nilipoacha nafasi ya mlango.

"Kitanda kiko wapi?"

Nikamwonyesha. Akatandika kitenge, akajilaza taratibu juu ya udongo, akina mama wakimcheka. Akatazama kulia, akatazama kushoto.

"Na mama yangu atasimama wapi?"

Nikaenda nikasimama upande wa kichwa chake, ndani ya chokaa.

"Hapa," nikamwambia.

Akanyoosha mkono bila kuinuka, ukanifikia.