Taa Mpya ya Posa ya Baba

Baba alipofikia umri wa kuitafuta miwani yake huku ameivaa, alitangaza kwamba anaoa. Mama alikuwa ametutoka miaka mingi. Mchumba alikuwa mjane wa Kilolo, walikutana msibani wakigombea kiti kimoja cha plastiki, na nadhani kiti kile hakijapata mshindi hadi leo. Watu wengine huwanunia baba zao kwa mambo kama haya. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, nikasema gari ni langu na dereva ni mimi.

Sharti la kaka zake yule mama lilikuwa moja tu. Kwao posa hupokelewa jua likiwa juu. Mkifika limezama, mnapewa chakula na kitanda, na asubuhi mnarudi kwenu bila kusikilizwa. Tena kaka wenyewe walikuwa wametoka mbali, na kesho yake walikuwa wanatawanyika. Kuwakusanya upya ingekuwa kazi ya mwaka mzima, na baba hakuwa mtu wa kuambiwa subiri mwakani.

Tulipanga kutoka Mbalizi alfajiri. Tulitoka saa tatu, kwa sababu shangazi, dada yake baba, hakuridhika na ngozi zetu. Baridi ya kwetu hupausha mtu akafanana na kiazi kilichong'olewa sasa hivi, na shangazi aliapa kwamba ukoo wake hauendi ukweni umepauka. Akatukalisha mmoja mmoja, akatupaka mafuta ya mgando: mimi, baba, na mshenga wetu, mzee rafiki yake baba. Mikono yangu iliteleza kwenye usukani mpaka Igawa. Nyuma, kando ya shangazi, mshenga alikuwa akifanya mazoezi ya hotuba ya posa, na baba akimsahihisha kila sentensi kana kwamba yeye ndiye aliyetumwa.

Karibu na Nyololo ukungu ulishuka mzito, mchana kweupe. Nikawasha taa, na ya kulia ikapepesa mara mbili, ikazima. Sikujali sana mpaka lori lilipotujia katikati ya barabara, tukaponea chupuchupu kuparazwa, kwa kuwa mwenye taa moja ndani ya ukungu huhesabiwa kuwa bodaboda. Nilitoka nje ya lami, nikasimama kando ya maduka. Shangazi alikuwa anasali. Baba alisema tusipoteze muda, akateremka.

Gari lile lina taa za zenoni. Balbu yake haina waya mwembamba ndani, ina gesi, na ili iwake kuna kisanduku kinachouchukua umeme mdogo wa betri na kuugeuza kuwa maelfu ya volti. Fundi wangu alikuwa amenionya mapema, akanifundisha na namna ya kuibadilisha: zima kila kitu, chomoa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri, subiri ipoe na umeme uliobaki uishe. Baba yeye alikulia enzi ambapo taa ikizingua inapigwa kofi. Nilipozunguka mbele nilimkuta ameshafungua boneti, taa bado zimewashwa, mkono wake unaelekea ndani. Nilimkamata koti la suti kwa nyuma nikamvuta.

"Baba, huo umeme unaua. Utakwenda kuposwa wewe na malaika."

Alicheka, lakini alikaa pembeni. Nilizima, nikafungua betri, nikangoja. Balbu ya akiba ilikuwa kwenye droo ya dashibodi, nikamwomba mshenga anishikie kifurushi tu. Nilipogeuka, baba alikuwa ameshaitoa kwenye boksi. Aliipumulia, kisha akaifuta kwa kidole gumba na leso, polepole, kwa mapenzi kabisa, kama alivyokuwa akifuta chemni ya kandili kila jioni tulipokuwa wadogo. Kidole hichohicho alichopakwa na shangazi. Kioo cha balbu ile hakitaki hata jasho la mtu, maana penye mafuta hupata moto kupita pengine, kikapasuka au balbu ikafa mapema. Sasa kilikuwa kinang'aa kama paji la uso wa bwana harusi.

Nilitaka kukasirika. Nikamtazama na suti yake na leso yake, nikashindwa, tukaanza kucheka wote wanne mpaka mshenga akapaliwa.

Nilikimbilia duka la dawa. Nikaomba spiriti, pamba na glovu. Mama muuzaji akauliza kwa wasiwasi mgonjwa ni nani, nikamjibu ni taa. Mshenga, aliyenifuata, akamweleza habari yote, pamoja na ile hotuba, na tulipotoka nusu ya wateja walitusindikiza kuja kumwona bwana harusi. Nilisafisha kioo kwa spiriti, nikakiacha kikauke, nikavaa glovu na miwani ya baba kukinga macho, nikaitoa balbu iliyokufa, nikaishika mpya kitakoni tu, nikaiingiza mpaka ikakaa. Nikafunga mfuniko, nikarudisha waya wa betri. Nilipowasha, mwanga ulianza wa buluu, ukatulia ukawa mweupe. Watu wa Nyololo walitupigia vigelegele.

Tuliingia Kilolo jua limebakiza kiganja kimoja juu ya milima. Kaka zake mchumba walikuwa wamekaa uani. Tulisalimiana kwa kamwene, salamu ya kwao, na kila mmoja, tukapewa viti. Mshenga alisimama, akafungua mdomo, na hotuba yote ikamtoka kichwani. Kaka mkubwa akamgeukia baba mwenyewe, akamuuliza kwa heshima: mtu mzima kama yeye, mwenye watoto wanaomtunza, mke wa nini?

Baba alinitazama kwanza.

"Watoto wananilisha vizuri sana," alisema. "Wananiletea sahani, wanaiweka mezani, wanarudi kwao. Nimechoka kula peke yangu."

Kicheko changu cha siku nzima kiliisha palepale. Kwa desturi yao mposwa hukaa ndani bila kusikika mpaka aitwe, na kaka mkubwa alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwita.

"Basi ingieni," ilisema sauti ya yule mjane kutoka nyuma ya pazia la mlangoni, "nimeshapakua."